Zebaki Isilazwe Chumbani

Katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, yasiyo mbali na Galula, wachimbaji wadogo hutumia zebaki kunasia dhahabu. Metali hii ya majimaji hutoa mvuke hata isipochomwa. Mvuke huo hauonekani wala haunuki, nao hudhuru ubongo na mafigo. Hivyo chupa iliyo wazi chini ya kitanda humdhuru hata mtoto asiyefika machimboni.

Zebaki ihifadhiwe mbali na makazi na chakula, katika chombo imara chenye kifuniko kinachobana. Maji kidogo juu yake hupunguza mvuke. Lita moja ina uzito wa kilo 13.5 hivi, basi chupa dhaifu haifai. Ikimwagika isifagiliwe, kwani ufagio huitawanya na kuongeza mvuke.