Alfajiri Mbugani Haimngoji Mchelewaji

Jina la Kampala limetokana na swala pala, ambao zamani walikuwa wakila majani katika vilima vyake, navyo vilikuwa mawindo ya Kabaka. Leo mjini hawapo. Atakaye kuwapiga picha katika mbuga yao yampasa kusafiri hadi Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, iliyotangazwa mwaka 1983, upande wa Mbarara, na kulala huko.

Saa ya kazi hiyo ni kabla ya jua kuchomoza. Karibu na Ikweta jua hupanda wima. Tangu nyasi zianze kuonekana vema mpaka jua litokeze hupita dakika 20 hivi. Anayechelewa hukosa.

Kwa kuwa mwanga ni hafifu, kamera huhitaji muda mrefu zaidi kuupokea, na mkono ukitikisika picha huvurugika. Basi kamera na iegemezwe juu ya mfuko wa mchanga dirishani mwa gari, injini ikiwa imezimwa, naye askari wa hifadhi awe karibu.

Mwanajeshi aliyezoea lindo la alfajiri anaijua subira hiyo. Akirudi nyumbani na picha, watoto wake watamwona mnyama aliyeupa mji wao jina.