Konokono wa Bondeni Aingie Darasani

Chukua konokono wa maji baridi kutoka kijito cha Pemba, mtie kwenye chombo cha maji safi, kisha mweke penye mwangaza. Akiwa na maambukizi atatoa lava wadogo wenye mkia wa panda. Ukiwatazama kwa hadubini utaapa ni wa kichocho cha binadamu. Huenda ni wa ng'ombe.

Mwaka 2018 watafiti waliripoti kuwa Schistosoma bovis, kimelea cha ng'ombe, kipo Pemba. Uchunguzi wa DNA ndio uliokifichua. Kuna kipimo cha PCR, mbinu ya kuzidisha nakala za DNA, cha jeni iitwayo cox1: kimelea cha binadamu hutoa kipande cha jozi besi 543, cha ng'ombe 306, na kwenye jeli vipande hivyo huachana wazi. Anayehesabu konokono wenye lava ili ajue kama dawa wanazopewa watu zinafanya kazi, asipopima DNA atapotoka.

Naamini mafunzo ya maabara ya shahada ya kwanza yaanzie kwenye swali kama hili. Mara nyingi mwanafunzi hupewa DNA iliyokwisha kusafishwa pamoja na karatasi ya maelekezo. Jibu analijua kabla hajashika pipeti, na lisipopatikana hunakili la jirani. Konokono wa bondeni hana jibu la kunakili.

Lakini mkono ufundishwe kwanza. Wakati wa kuvuta, kidole gumba kiishie kituo cha kwanza cha pipeti. Kikipitiliza hadi cha pili, unavuta zaidi ya ulichokusudia. Zoezi lake halina gharama: maji na mizani nyeti, kwa kuwa mikrolita 100 za maji zina uzito wa takriban miligramu 100.

Kisha kila kundi liwe na kichupa kimoja kisichotiwa DNA. Kikitoa mstari kwenye jeli, pameingia uchafu, na matokeo ya vichupa vingine hayaaminiki. Wanafunzi wengi huficha mstari huo kwa kuogopa kupoteza alama. Mimi ningewapa alama nyingi kwa kusaka chanzo chake: ni ncha ya pipeti iliyotumika mara mbili, ni maji, au ni meza iliyofunguliwa vichupa vya PCR vya jana?

Pemba ina pa kujifunzia: Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri iko Wawi, Chake Chake, tangu mwaka 2000. Wanaokwenda kuokota konokono wavae mabuti na glavu, maana lava hupenya ngozi. Daftari nalo liandikwe kijito na tarehe, ili matokeo yakishangaza, mtu arudi palepale kuokota wengine.