Leza ya Macho: Tupimwe Kwanza, Ng'ombe Abaki Zizini



Sisi wa Tarakea tunaishi mpakani. Habari za Nairobi hutufikia upesi kama zile za Moshi. Basi kuna habari ambayo wengi wetu tumeisikia: eti kuna mashine inayotibu macho kwa mwanga. Mtu anaingia na miwani, anatoka bila miwani. Mwanga huo unaitwa leza.

Habari hiyo si uongo. Lakini ni nusu ya habari, na nusu ya habari inaweza kumfilisi mtu.

Tuchukue mfano wa mzee mwenye umri wa miaka 65. Haoni vizuri. Anauza ng'ombe, anafunga safari mpaka Nairobi kutafuta leza. Akifika anapimwa. Anaambiwa, "Mzee, una mtoto wa jicho. Leza ya kuondoa miwani haitakusaidia." Ng'ombe amekwenda, nauli imekwenda, na macho yako vile vile. Kumbe ugonjwa wake ungetibiwa Moshi, katika hospitali ya KCMC.

Hatutaki jambo hilo limpate yeyote kati yetu. Kwa hiyo leo tueleze leza inamfaa nani, haimfai nani, na mgonjwa ategemee nini kabla na baada ya kutibiwa.

JICHO LINAONAJE?

Mbele ya jicho kuna kifuniko chembamba, kisafi kama kioo cha dirisha. Kinaitwa konea. Unene wake katikati ni kama nusu milimita tu. Nyuma yake iko mboni, ile sehemu nyeusi ya katikati. Nyuma ya mboni kuna lenzi. Na nyuma kabisa, ndani ya jicho, kuna utando unaopokea picha.

Konea na lenzi hukusanya mwanga ili picha iangukie barabara juu ya utando ule. Kazi hiyo ikiharibika, mtu huona ukungu. Kuna sababu nyingi za kuona ukungu. Leo tutaje tatu.

Sababu ya kwanza ni umbo la jicho. Jicho ni refu mno, au ni fupi mno, au konea haikupinda sawasawa. Hali hii mara nyingi huanza utotoni au ujanani. Mwanafunzi anakaa nyuma ya darasa, haoni ubaoni.

Sababu ya pili ni umri. Mtu akifika miaka 40 na kitu, lenzi yake inakuwa ngumu. Inashindwa kubadilika ili aone vitu vya karibu. Mtu analisogeza gazeti mbali, tena mbali, mpaka mkono unakuwa mfupi! Kuuona mlima anauona, lakini kutia uzi kwenye sindano hawezi. Wengine waliojifunza kusoma ukubwani wakifikia hapo wanakata tamaa. Wanasema, "Nimesahau kusoma." Hapana bwana! Hukusahau. Macho ndiyo yanayotaka miwani ya kusomea. Tena huko peke yako. Uchunguzi uliofanywa wilayani Kongwa, Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wenye miaka 40 na zaidi walikuwa na hali hii.

Sababu ya tatu ni mtoto wa jicho. Hapa lenzi yenyewe imechafuka, imekuwa nyeupe kama maji yaliyotiwa maziwa. Mwanga haupiti. Huwapata zaidi wazee, lakini hata kijana au mtoto anaweza kuupata.

LEZA INAMFAA NANI?

Leza ya kuondoa miwani inarekebisha konea tu. Inaikwangua kidogo sana ili ipinde sawasawa. Kwa hiyo inamhusu mtu wa sababu ya kwanza.

Mwanzo wake ni huu. Mwaka 1981, huko Marekani, mtaalamu mzaliwa wa India, Rangaswamy Srinivasan, alikuwa akifanya kazi na wenzake katika kampuni ya IBM. Walijaribu leza ya aina fulani juu ya mabaki ya bata mzinga wa sikukuu. Wakaona inakata safi bila kuunguza pembeni. Mwaka 1983 alishirikiana na daktari wa macho, Stephen Trokel, wakaijaribu kwenye macho ya ng'ombe. Baada ya hapo ndipo ilipofika kwa binadamu. Kumbe ng'ombe amekwisha toa mchango wake! Tusimuuze tena bila sababu.

Hata kijana mwenye miwani hapokelewi tu. Awe ametimiza miaka 18. Namba ya miwani yake iwe haijabadilika kwa mwaka mmoja au zaidi. Konea yake isiwe nyembamba mno. Mama mjamzito au anayenyonyesha huambiwa angoje. Ndiyo maana vipimo vya kwanza huchukua muda mrefu kuliko matibabu yenyewe. Ukikuta mahali wanapotaka fedha kabla ya kukupima vizuri, ondoka.

SIKU YA LEZA NA BAADA YAKE

Mgonjwa halali usingizi. Anawekewa matone ya ganzi machoni. Kifaa kidogo kinashika kope asipepese. Anaambiwa aangalie taa moja.

Ziko njia mbili kubwa. Katika njia ya kwanza, iitwayo lasiki, daktari hufunua utando mwembamba wa juu ya konea, kama unavyofunua ukurasa wa kitabu. Leza ikimaliza kazi, utando unarudishwa mahali pake. Katika njia ya pili, ngozi ya juu kabisa ya konea inaondolewa, halafu inaachwa iote upya. Leza yenyewe mara nyingi hufanya kazi kwa muda usiozidi dakika moja kwa kila jicho. Mgonjwa husikia mlio wa mashine, na pengine harufu kama ya nywele zilizoungua. Asishtuke.

Saa chache za kwanza macho yanawasha na kutoa machozi, kama mtu aliyekata vitunguu. Kwa njia ya kwanza, wengi huona vizuri kesho yake. Kwa njia ya pili, maumivu ni makubwa zaidi, siku 3 hadi 5 hivi, na kuona vizuri huchukua wiki kadhaa.

Mgonjwa hupewa dawa za matone. Arudi kupimwa siku aliyopangiwa, hata kama anaona vizuri. Asifikiche macho hata kidogo, maana ule utando unaweza kusogea. Akae mbali na vumbi, moshi wa jikoni na maji machafu kwa muda atakaoambiwa. Kupepeta maharage na kufagia zizi wafanye wengine kwanza.

Yako mambo ambayo hayasemwi sokoni. Macho yanaweza kuwa makavu kwa miezi. Usiku, taa ya gari inaweza kuonekana imezungukwa na duara la mwanga. Wachache hubaki wanahitaji miwani. Na hata aliyefanikiwa kabisa, akifika miaka 40 na kitu, lenzi yake itakuwa ngumu kama za wenzake. Atatafuta miwani ya kusomea.

MZEE WETU JE?

Sasa turudi kwa yule mzee. Mtoto wa jicho haponi kwa miwani, wala kwa matone, wala kwa leza ile ya kuondoa miwani. Huponywa kwa upasuaji. Lenzi iliyochafuka inatolewa, na mahali pake inawekwa lenzi ndogo ya plastiki.

Lenzi hiyo ina historia yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari Mwingereza, Harold Ridley, aliona marubani walioingiwa na vipande vya plastiki ya ndege machoni. Vipande vile vilikaa ndani bila kuliudhi jicho. Mwaka 1949, jijini London, alimwekea mgonjwa lenzi ya kwanza ya plastiki.

Upasuaji huu haukutaka uvuke mpaka. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa Moshi mwaka 1971, na ina idara kubwa ya macho ambako madaktari wa macho pia husomeshwa.

Mzee ategemee nini? Kwanza atapimwa macho, presha na sukari. Lenzi ya kumfaa itapimwa. Atatiwa matone ya kupanua mboni, halafu ganzi, mara nyingi kwa sindano kando ya jicho. Uso utafunikwa kitambaa safi. Atakuwa macho, lakini hatasikia maumivu makali. Kazi huchukua kama dakika 15 hadi 30. Mara nyingi hutibiwa jicho moja kwanza. Jicho linafungwa bendeji, na kwa kawaida hufunguliwa kesho yake.

Wengine huona siku ile ile bendeji inapofunguliwa. Bibi anamtambua mjukuu aliyekuwa akimjua kwa sauti tu. Wengine huona taratibu kwa wiki kadhaa. Atumie matone kama alivyoandikiwa, mara nyingi kwa muda wa wiki 4 hivi. Asifikiche jicho, asibebe mzigo wa ndizi wala ndoo ya maji, asiinamie moshi wa mafiga. Mwishoni anaweza kuhitaji miwani ya kusomea.

Jicho likizidi kuuma, likizidi kuwa jekundu, likitoa usaha, au likianza kupoteza nuru, arudi hospitali siku hiyo hiyo. Asingoje kesho. Hayo ni kweli pia kwa aliyefanyiwa leza.

Na leza inaweza kumfaa mzee baadaye. Miezi au miaka baada ya upasuaji, kile kifuko kinachoshika lenzi mpya kinaweza kuwa na ukungu. Wengi husema, "Mtoto wa jicho amerudi." Hajarudi. Leza ya aina nyingine hutoboa ukungu ule kwa dakika chache, bila kisu, na mtu huona tena.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tupimwe. Anzia zahanati au kituo cha afya. Uliza Hospitali ya Huruma, hapa hapa Rombo, wataalamu wa macho wanapatikana siku gani. Wakikuandikia kwenda KCMC, gari ni lile lile la Himo na Moshi.

Pili, tuulize gharama zote kabla: vipimo, upasuaji, dawa, na safari za kurudi kupimwa. Tuulize pia kama bima ya afya inalipa.

Tatu, tusitie machoni maji ya majani, mkojo wala unga wa dawa. Konea ikipata kovu, hata daktari hodari hupata shida.

Nne, tusingoje mtoto wa jicho "akomae". Zamani wagonjwa waliambiwa wangoje. Siku hizi hakuna haja. Tena akikomaa mno, upasuaji unakuwa mgumu zaidi. Na si kila upofu wa uzeeni ni mtoto wa jicho. Presha ya macho huiba nuru polepole, na nuru iliyoibwa nayo hairudi. Ni kupimwa tu kutakakotofautisha.

Mjukuu anayeshika fimbo ya bibi kila siku anakosa shule. Bibi asiyeona anaweza kuangukia motoni. Basi leo jioni tuwatazame wazee wetu. Tuwaulize, "Bibi, unaniona vizuri?" Jibu likiwa hapana, safari ianze. Ng'ombe abaki zizini mpaka tujue tunatibu nini.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini leza ya kuondoa miwani haimsaidii mtu mwenye mtoto wa jicho?
2. Mtu anayelisogeza gazeti mbali ili asome anahitaji nini?
3. Taja dalili za kumrudisha mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo.
4. Katika kitongoji chenu, ni nani hajapimwa macho, na nani atamsindikiza?