Ada ya Chuo kwa Askari: Nani Hulipa, na Lini

Tanzania haina sheria mahususi inayompa askari aliyevua magwanda haki ya kulipiwa ada ya chuo. Marekani wanayo tangu Juni 1944, Rais Roosevelt alipotia saini sheria ya askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Pili. Kufikia 1956, watu wapatao milioni 7.8 walikuwa wamesoma au kujifunza ufundi kwa fedha hizo. Kwetu, fedha ya kumsomesha askari hupitia milango kadhaa, na mingi iko wazi wakati angali kazini. Hapo ndipo wengi hukosea hesabu: husubiri kustaafu ndipo waanze kuulizia masomo.

Mlango mpana kuliko yote ni mwajiri mwenyewe. Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), lililoundwa Septemba 1964, lina vyuo vyake. Maofisa wanafunzi hupitia Monduli. Maofisa wa ngazi za juu husoma Chuo cha Taifa cha Ulinzi, Kunduchi, pembeni mwa barabara ya Bagamoyo, na Lugalo, kwenye barabara hiyohiyo, hufundishwa fani za tiba. Anayepelekwa na jeshi hagusi mfuko wake. Ila jeshi humsomesha mtu kwa mahitaji ya jeshi, si kwa matamanio ya mtu. Anayetaka sheria au biashara huenda asiteuliwe kamwe.

Huyo atajilipia, na jambo la kwanza ni kibali cha maandishi kupitia kwa mkuu wake wa kikosi. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992, kinamfaa askari kwa sababu masomo yake ni ya masafa: uhamisho kutoka Dar es Salaam kwenda Songea haumkatizi. Aliyeingia jeshini na cheti dhaifu cha kidato cha nne anaweza kuurudia mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea.

Hali ya vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa ni tofauti. JKT, lililoanzishwa Julai 1963, huchukua vijana wa kujitolea, na matangazo yake husema wazi kwamba halitoi ahadi ya ajira. Kijana hutoka kambini, tuseme Ruvu au Mbweni, akiwa amejenga, amelima na amechomelea vyuma, lakini mara nyingi bila karatasi inayomridhisha mwajiri wa uraiani. Dawa yake ipo VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, katika utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Mwombaji hupimwa kwa vitendo, hufundishwa pale alipopungukiwa, kisha hupewa cheti. Hulazimiki kurudia kozi nzima ya kile unachokijua. Mwashi, fundi magari au mpishi wa mesi aliyestaafu anaweza kupita njia hiyohiyo, na kwa gharama na muda anaookoa, hakuna njia inayoishinda. 

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya 2004, haikukusudiwa wastaafu. Miongozo yake ya miaka ya karibuni imemtaka mwombaji wa shahada ya kwanza asizidi miaka 35, awe amehitimu sekondari au stashahada ndani ya miaka mitano, na asiwe na ajira. Kijana aliyemaliza JKT akiwa na sifa hizo anafaa. Sajini mwenye miaka 20 ya utumishi hana lake hapo.

Kwake hubaki kiinua mgongo, na fedha hiyo ina washindani wengi, nyumba ikiwa mbele. Atakayejaliwa kutenga ada kabla ya kununua tofali la kwanza hana haja ya kwenda mbali, kama anaishi Dar es Salaam au Pwani. Mbegani, karibu na Bagamoyo, kuna chuo cha uvuvi, jambo linalomhusu aliyetumikia Kamandi ya Wanamaji. Mjini Bagamoyo kuna TaSUBa, iliyoanza 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa. Aliyepuliza tarumbeta kwenye bendi ya jeshi anaweza kupata hapo cheti cha muziki.

Waafrika Mashariki walioingia jeshi la Uingereza, wakiwemo Wakenya, wana utaratibu ulio bayana zaidi: baada ya miaka sita ya utumishi, askari husaidiwa hadi pauni 1,000 kwa mwaka, na baada ya minane hadi pauni 2,000, kwa miaka mitatu. Yeye hubeba asilimia 20 ya ada, na haki hiyo ina ukomo akishatoka jeshini.

Popote fedha itokapo, chuo kikaguliwe kwanza: NACTVET kwa vyuo vya kati na vya ufundi, TCU kwa vyuo vikuu. Cheti cha chuo kisichosajiliwa hakitambuliki kwenye ajira, hata kama ada yote imelipwa.