Msitu wa asili kwenye malisho: tuhesabu kwanza, kisha tutie sahihi



Siku hizi tunasikia: «Acheni msitu urudi kwenye kilima cha ngombe, mtalipwa dola za kaboni.» Inawezekana. Lakini sherti tuelewe biashara hiyo mbele ya kutia sahihi.

Kaboni inauzwa namna gani?
Mti unapokua unavuta gesi ya kaboni, ile inayozidisha joto la dunia, na kuiweka ndani ya shina na mizizi. Tani moja ya gesi hiyo ni kredi moja. Wapimaji wanapima unene wa miti, kisha mnunuzi analipa. Miti isiyopimwa hailipwi.

Mfano wa Humbo
Kule Humbo, kusini mwa Ethiopia, koperative 7 zilichunga hekta 2,728 za vilima vilivyochakazwa na kukata miti na kulisha wanyama kupita kiasi. Pahali pakubwa hawakupanda kitu, juu visiki vya miti ya asili vilikuwa vingali hai. Walizuia wanyama wasiingie, wakaacha machipukizi machache yenye nguvu kwa kila kisiki, wakakata mengine. Mizizi ya zamani iko tayari ndani ya udongo, basi mti unakua mbio. Miche ya kitalu ilipandwa tu pahali visiki vilikosa.

Mwaka 2009 kazi hiyo iliandikishwa katika mpango wa kaboni wa Umoja wa Mataifa. Mfuko mmoja wa Benki ya Dunia ulikubali kununua tani 165,000, kwa dola zisizopungua 726,000 katika miaka 10. Gawanya kwa miaka 10, kisha kwa hekta 2,728: ni karibu dola 27 kwa hekta kwa mwaka, za kugawana. Kwa hiyo kaboni ni nyongeza tu. Faida ya kila siku ni majani ya kukata na kupelekea ngombe nyumbani, na kuni za matawi yaliyopunguzwa.

Maswali manne ya mkutano

1. *Karatasi iko kwa nani?* Kwetu, sheria ya 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Kule Humbo, koperative zilipewa haki ya kutumia ardhi kwa maandishi. Bila karatasi, ninyi mtachunga miti, mwingine atakula pesa.

2. *Ngombe zitakula wapi?* Zikihamia msitu wa jirani na kuuharibu, kaboni hiyo itaondolewa kwenye hesabu yenu.

3. *Ni miaka mingapi?* Humbo ilihesabiwa kwa miaka 30. Sahihi yenu itafunga watoto wenu pia.

4. *Nani anagawa pesa?* Iandikwe katika kanuni za koperative mbele ya dola ya kwanza kufika.

Mvua ikianza, zungushieni uzio kipande kidogo cha malisho, mhesabu visiki vinavyochipuka. Kazi hiyo haiombi kontra, na itawaonyesha kama msitu ungali hai chini ya majani yenu.