Kubandua Karatasi na Gundi Iliyonata kwenye Samani za Mbao

Katika nyumba nyingi za Bunda meza ya chakula huvikwa mpira, na chini ya mpira hutandikwa gazeti kuukuu ili plastiki isigusane na vanishi. Utaratibu huu hufaa mpaka siku sufuria ya ugali inapotuliwa mezani moja kwa moja kutoka jikoni. Joto hulainisha vanishi, karatasi huzama ndani yake, na vanishi inapopoa huifumbata. Miezi kadhaa baadaye mpira huinuliwa ili uoshwe, na habari za mwaka juzi bado zinasomeka juu ya mninga.

Wengi hapo hushika kisu, na kisu kikishindwa huagiza petroli ya kupimiwa kwenye chupa ya maji. Kisu huharibu meza. Petroli huweza kuharibu zaidi ya meza, nasi tutairudia hapa chini. Kabla ya kushika chochote, mtumiaji anapaswa kujua mambo mawili: ni kitu gani kilichoinatisha karatasi, na mbao yenyewe imepakwa nini.

Gundi ya unga wa ngano au wa muhogo, ile inayopikwa kama uji na kutumika kubandika matangazo na picha za wagombea milangoni, ni wanga mtupu, na maji ya uvuguvugu huilainisha. Gundi nyeupe ya maseremala nayo hulegea kwa maji ya moto kiasi, ingawa kwa taratibu. Gundi ya stika na ya lebo za bei ni ya jamii nyingine kabisa: haijali maji, lakini hushindwa na mafuta. Karatasi iliyonaswa na vanishi iliyoyeyuka, kama ile ya mezani, haina gundi yoyote. Kinachoishikilia ni vanishi yenyewe. Kwa hiyo dawa yoyote yenye nguvu ya kuing'oa karatasi hiyo kwa mara moja itaondoka pia na mng'ao wa meza.

Ili kujua mbao imepakwa nini, dondosha tone moja la spiriti sehemu iliyofichika, kwa mfano upande wa ndani wa mguu wa meza, ungoje dakika moja, kisha uguse. Pakinata kidoleni, hiyo ni polishi inayoyeyuka kwa spiriti. Rudia mahali pengine kwa tone la thina. Pakilainika, meza ilipuliziwa vanishi inayochanganywa na thina, kama zilivyo nyingi zinazotoka kwenye karakana za mjini. Pasipobadilika kwa vyote viwili, vanishi ni ngumu na inavumilia zaidi. Jaribio hili la dakika chache hukuonyesha kimiminika ambacho hakipaswi kabisa kuikaribia meza yako.

Kwa karatasi iliyonaswa na vanishi, na kwa stika, njia salama ni mafuta ya kula. Bunda ni wilaya inayolima pamba, na mafuta ya pamba yanafaa sawa na ya alizeti. Paka mafuta mpaka karatasi ilowe na kubadilika rangi, uiache kwa saa moja au mbili. Stika yenye ngozi ya plastiki ichubuliwe kwanza tabaka la juu, kwa kuwa mafuta hayapenyi plastiki. Kisha sugua polepole kwa kitambaa cha pamba ukifuata nyuzi za mbao, wala si kwa kuzikata. Vipande vigumu visukumwe kwa ukingo wa kadi ya plastiki. Karatasi isiporidhia mara ya kwanza, ipake tena na uende ukafanye shughuli nyingine. Haraka ndiyo inayokwangua vanishi. Mwisho futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, ukaushe mara moja, kwani mafuta ya kula yakibaki huchacha na kunata vumbi.

Vitambaa vilivyolowa mafuta visirundikwe pamoja. Mafuta ya pamba na ya alizeti hutoa joto yanapokauka, na rundo la matambara lililobanana huweza kujiwasha lenyewe. Yaanike yakiwa yametandazwa nje, au yafue siku hiyo hiyo.

Mlango wa mbao uliobandikwa matangazo kwa gundi ya unga hauhitaji mafuta. Funika karatasi kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu kwa robo saa, nayo itabanduka yenyewe. Ikiwa mlango una rangi ya zamani, usiupige msasa mkavu ili kumalizia mabaki, kwa sababu rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto wadogo. Tumia maji na brashi. Samani za unga wa mbao ulioshindiliwa, ambazo mafundi huziita MDF, zisiloweshwe kamwe: maji yakiingia kwenye kingo, ubao hufura na haurudi.

Sasa petroli. Mvuke wake huwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na huwa mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni mpaka ukutane na jiko la mkaa lililo chumba cha pili. Hakuna meza inayostahili hatari hiyo. Mafuta ya taa huwaka kwa shida zaidi, lakini nayo yana balaa lake: hukaa kwenye chupa ya soda, na mtoto mwenye kiu hajui tofauti. Mtoto akinywa mafuta ya taa, petroli au thina, asitapishwe, kwa kuwa anapotapika kimiminika huingia mapafuni; apelekwe hospitali bila kuchelewa, na chupa ichukuliwe pamoja naye. Moto ukitokea, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114. Thina ikilazimu kutumika, hiyo iwe kazi ya fundi, nje, mbali na jiko.

Lipo jambo jingine ambalo wanunuzi hulinyamazia. Meza mpya ambayo karatasi inanata juu yake bila joto lolote, wiki kadhaa baada ya kununuliwa, haikuharibiwa na mwenye nyumba. Vanishi yake haikukauka, ama kwa sababu ilipakwa tabaka juu ya tabaka bichi, ama kwa sababu ilichanganywa vibaya. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara auze bidhaa yenye ubora unaostahili, na mnunuzi wa meza ya chakula ana haki ya kutarajia meza inayoweza kuwekewa sahani. Dai risiti siku ya kununua, na kwa fundi wa mtaani andikianeni japo karatasi moja inayotaja aina ya mbao, aina ya vanishi na bei. Kasoro ikitokea, mwone muuzaji kwanza. Akikataa, lalamiko huweza kupelekwa Tume ya Ushindani, inayosimamia masuala ya mlaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Katika hali hiyo meza isisafishwe wala kupigwa msasa. Ipigwe picha, na karatasi iliyonata iachwe pale ilipo mpaka muuzaji aione.