Simu za Upepo za Vita vya Zamani katika Maonyesho ya Historia Hai

Uingereza, Ufaransa na Marekani kuna desturi ya watu kukusanyika uwanjani wakiwa wamevaa sare za majeshi ya zamani, wakapiga mahema na kuwaonyesha watazamaji jinsi askari walivyoishi vitani. Desturi hiyo huitwa historia hai. Aghalabu katika hema moja huwamo meza yenye simu ya upepo, kama wazee wetu walivyoiita redio ya mawasiliano. Tumeona inafaa tuieleze meza hiyo, kwa kuwa kifaa cha namna hiyo kikionekana mpakani huzusha maswali yasiyoulizwa kwingine.

Mtambo unaopendwa sana na waonyeshaji ni Wireless Set No. 19, uliotengenezwa Uingereza, Kanada na Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa matumizi ya vifaru. Ndani ya sanduku moja la chuma mna kazi tatu: mawasiliano ya mbali kwa mawimbi ya megahezi 2 hadi 8, mawasiliano ya karibu baina ya kifaru na kifaru, na mazungumzo ya waliomo ndani ya kifaru kimoja. Mitambo mingi iliyotoka Kanada na Marekani ina maandishi ya Kiingereza na ya Kirusi ubaoni, maana mingine ilipelekwa Urusi kwa mshirika wa vita. Mtazamaji akiyaona maandishi hayo mawili huelewa ushirika wa mataifa yale upesi kuliko kwa hotuba ndefu.

Habari hii si ya Wazungu peke yao. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vikosi vya King's African Rifles, ilipigana Burma mwaka 1944, ikashuka bonde la Kabaw katika mvua za masika ya huko na kufika Kalewa mwezi Desemba. Katika msitu kama ule, kikosi kisichosikika na wenzake kilikuwa kimepotea. Kwa maoni yetu, shule au makumbusho ya upande wetu yangekuwa na haki kamili ya kuweka meza ya namna hii.

Hata hivyo, mtambo mkongwe una hatari zake. Betri yake ni ya volti 12 tu, lakini ndani umeme hukuzwa kupita volti 500, na baadhi ya sehemu huhifadhi umeme hata baada ya kuzimwa. Kijana asijaribu kuuamsha kwa betri ya pikipiki. Tena baadhi ya vifaa vya enzi hiyo vilipakwa rangi ya radiamu ili namba zisomeke gizani. Rangi hiyo hufifia na kuacha kung'aa, lakini mnururisho wake hauishi, kwani radiamu huhitaji takribani miaka 1,600 ili ipungue kwa nusu. Isikwanguliwe, wala kioo chake kisifunguliwe. Mwonyeshaji mwangalifu huuweka mtambo bila umeme, nyuma ya kamba, na kuwasikilizisha watazamaji sauti iliyorekodiwa.

Kuurusha hewani ni jambo jingine. Chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Uganda ya mwaka 2013, mwenye kurusha mawimbi hutakiwa awe na leseni. Mawimbi ya megahezi 7 hayaujui mpaka. Usiku huvuka nchi kadhaa, na asikiaye hawezi kujua kama anayesema ni mwalimu wa historia au mtu mwenye nia nyingine. Leseni ya redio ya ridhaa iliyotolewa nchi moja haitoshi ng'ambo ya pili mpaka wenye mamlaka wa huko waridhie.

Zaidi ya sheria kuna kumbukumbu. Mutukula palipiganwa Januari 1979, na wako majirani zetu wa pande zote mbili ambao kwao mtu mwenye sare na antena mgongoni si mchezo wa kuigiza. Kwa hiyo anayetaka kuandaa maonyesho atuone mapema, aeleze siku, mahali, idadi ya vifaa na asili yake, nasi tutawaarifu wenzetu wa ng'ambo. Sare zisifanane na za majeshi ya sasa. Wenyeji nao watangaziwe sokoni na katika nyumba za ibada kabla ya siku yenyewe.

Na mzee aliyeachiwa kifaa cha zamani na marehemu ndugu yake asikifiche kwa hofu, wala asikiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Amweleze mwenyekiti wa LC1, au aje kituoni kueleza bila kukibeba. Kilichofukuliwa shambani kisiguswe kabisa, kwa kuwa pamoja na redio huweza kuwapo baruti. Mahali pawekewe alama kwa mbali, watoto wazuiwe, nasi tuitwe.